Bondeni Hatupandi Milingoti

Mwezi wa Juni kwetu Mufindi ni mwezi wa baridi kali. Asubuhi ukungu unafunika nyumba na migomba, na mtu akiongea mvuke unamtoka mdomoni. Wavivu husingizia baridi. Matilda hakuwa mmoja wao.

Matilda, ambaye wengi humwita Mama Happy, anaishi katika kijiji kimoja karibu na Igowole. Mume wake ni Edmund. Wanalima mahindi mwinukoni, na bondeni wana kinyungu. Kwa asiyejua, kinyungu ni shamba la bondeni linalolimwa wakati wa kiangazi, kwa sababu udongo wa pale haukauki. Watu wanakata nyasi, wanainua matuta, wanapanda maharage, mahindi na maboga. Mazao hayo huliwa Januari, wakati ghala limebaki na vumbi. Mwaka ule mvua zilipochelewa, kinyungu ndicho kilichomlisha Matilda na watoto wake. Ukigusa kinyungu chake umegusa sufuria yake.

Asubuhi hiyo alishuka bondeni na jembe begani. Nyasi alizozikata zilikuwa zimekauka, akataka kuzichoma kama mama yake alivyokuwa akifanya. Alipofika alikuta vigingi vyekundu vimechomekwa katikati ya matuta. Mtendaji wa kijiji, Sosthenes, alikuwa hapo na mgambo wawili, wanavuta kamba.

"Kamwene, mtendaji," alisema Matilda.

"Kamwene, Mama Happy. Habari za asubuhi?"

"Habari unazo wewe. Mimi naona vigingi shambani kwangu."

Sosthenes ni mtu wa adabu. Alivua kofia. "Ni mpango wa mabadiliko ya tabianchi, mama. Kila kijiji kinatakiwa kiwe nao. Sisi tutapanda milingoti bonde zima. Miche inakuja mvua zikianza. Kwa hiyo msimu huu hakuna kulima huku chini."

"Huo mpango umepitishwa na nani?"

"Wataalamu wameshasema, mama."

"Nimekuuliza nani ameupitisha."

Sosthenes alikunja kamba yake polepole. "Wilaya inataka miti. Nikipeleka taarifa haina miti, nitajieleza vipi?"

"Na mbona hamjapima kule mwinukoni?"

"Kule ni kukavu. Huku mche unashika haraka. Wakaguzi wakija wanakuta miti imesimama."

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, nami sitalificha. Kwetu mti ni mali. Mtu wa Mufindi akiona ardhi yenye maji imekaa wazi, mikono inamwasha apande mlingoti, yaani mkaratusi, maana unarefuka upesi na mbao zake zinauzika. Sosthenes hakuwa na nia mbaya. Alifikiri kama sisi sote tulivyozoea kufikiri, kwamba mti popote ni mti.

"Mtendaji, mimi sitoki hapa," alisema Matilda.

"Mama Happy, kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji."

"Ng'ombe atakunywa maji gani mkishayakausha?"

Mgambo mmoja alicheka, akajifanya anakohoa. Sosthenes alivaa kofia yake, wakaondoka. Walipopotea kwenye ukungu, Matilda aling'oa vigingi vyote, akavifunga kwa kamba ya mgomba, akajitwika. Jioni alivipikia maharage.

Edmund aliporudi kutoka kwenye kazi ya kupasua mbao aliona rangi nyekundu inababuka jikoni.

"Hizi kuni umezitoa wapi?"

"Zimeota kwenye kinyungu."

Alipoelezwa, Edmund aliweka chini kijiko. Ni mtu mpole, na upole wake wakati mwingine unamkera mkewe. "Mama Happy, umeharibu mali ya serikali. Mwenye nguvu mpishe."

"Nimpishe niende wapi? Januari watoto watakula hiyo nguvu yake?"

Wakati huo hodi ikabishwa mlangoni. Alikuwa Devota, Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Devota ni mwenyeji wa Iyunga, Mbeya, na hapa amepanga chumba nyumba ya jirani. Mara nyingi huja kuota moto kwa Matilda, maana baridi ya Mufindi bado hajaizoea.

"Karibu, dada," alisema Matilda. "Kula. Maharage yameiva kwa kuni za mtendaji."

Devota alitazama jikoni, akatikisa kichwa. Alikula kwanza. Kisha akasema, "Umekosea kung'oa vigingi."

"Na wewe uko upande wao?"

"Nisikilize kwanza. Kupanda milingoti bondeni ni kosa, hilo uko sahihi. Mlingoti unakunywa maji mengi sana. Mwinukoni, mbali na maji, hauna ugomvi na mtu. Bondeni unanyonya mpaka kijito kinakauka. Lakini ukimshinda mtendaji kwa kung'oa vigingi, kesho ataleta vingine. Mpango mbaya unauondoa kwa kuleta mpango mzuri zaidi."

"Mimi mkulima ninaleta mpango?"

"Wewe ndiye mwenye haki ya kuuleta. Mpango wa kijiji unatakiwa uanzie kwenye vitongoji, ujadiliwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kila mtu mzima anayeishi hapa ni mjumbe wa mkutano huo. Mnaweza kuukataa mpango, kuurekebisha, au kuleta wenu. Mara ya mwisho mlikaa mkutano mkuu lini?"

Matilda na Edmund walitazamana. Hawakukumbuka.

"Unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu," alisema Devota.

"Kumbe tumelala hivi," alisema Matilda.

"Mmelala, ndiyo. Na kuna lingine. Hutalipenda."

"Sema."

"Kinyungu chako kinafika mpaka ukingoni mwa kijito. Sheria ya mazingira inataka tuache mita sitini kutoka kwenye maji. Pale udongo ukilimwa, mvua inausomba, kijito kinajaa tope. Tena kila mwaka unachoma nyasi. Moto ule unatoa hewa ukaa, na hewa hiyo ikizidi inaifunika dunia kama blanketi. Joto linabaki ndani. Ndiyo maana mvua siku hizi zinakuja zinavyotaka. Kwa hiyo, Mama Happy, kuna jambo mtendaji ana haki nalo."

Matilda alisimama. Hasira ilimpanda.

"Umekula maharage yangu, sasa unanifukuza shambani kwangu?"

"Sikufukuzi. Nakuambia yale utakayoulizwa mkutanoni. Afadhali uyasikie kwangu."

"Usiku mwema, dada."

Devota alichukua kanga yake akaenda zake. Matilda alisugua sufuria kwa nguvu kuliko kawaida. Edmund naye alikuwa na neno moja la Devota lililomganda kichwani: unanyonya mpaka kijito kinakauka.

Kesho yake Edmund alimwambia mkewe, "Twende mahali."

Walipanda juu ya bonde mpaka kwenye msitu mdogo wa milingoti. Msitu huo aliupanda baba yake Edmund, na familia yote ilijivunia. Katikati yake palikuwa na shimo lenye majani makavu.

"Unapakumbuka hapa?" aliuliza Edmund.

"Nilipoolewa nilichota maji hapa," alisema Matilda. "Mama yako alinionyesha. Paliitwa chemchemi ya Lyasa."

"Baba alipanda hii miti ili kivuli kilinde maji. Ndivyo alivyoamini. Maji yalipopotea tukasema labda mizimu imekasirika, wengine wakasema ni mvua. Hakuna aliyesema ni miti. Nilikuwa naiona kila siku, Matilda."

Matilda aligusa gome la mti mmoja. Sasa wanawake wa kitongoji chao huchota maji mbali, ng'ambo ya pili, na wanarudi na ndoo kichwani huku shingo zinawauma. Alikuwa amelalamika juu ya mwendo ule kwa miaka mingi. Kumbe chanzo chake kilikuwa kwenye msitu wa nyumbani kwake. Ilimuuma, na aliona haya.

"Sasa tutafanyaje?" aliuliza.

"Wewe ndiye mwenye mdomo," alisema Edmund. "Mimi nina msumeno."

Siku hiyo hiyo Matilda aliitwa ofisi ya kijiji. Sosthenes alikuwa mezani, na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Marcelino, ameketi pembeni na koti lake zito.

"Vigingi viko wapi?" aliuliza Sosthenes.

"Nimevipikia."

Mzee Marcelino aliinua nyusi. Sosthenes akasema, "Unajua naweza kukushitaki?"

"Nishitaki. Kung'oa nilikosea, nitakuchongea vingine. Lakini mzee mwenyekiti, na mimi nina shauri langu. Naomba mkutano mkuu. Umepita muda mrefu hatujakaa, na sheria inasema kila miezi mitatu. Mpango wa bonde uletwe pale, usomwe mbele yetu."

"Nani amekufundisha hayo?" aliuliza Sosthenes.

"Kwani ni uongo?"

Mzee Marcelino alijikuna shingo. Alikuwa anajua kuwa si uongo. "Mkutano utaitishwa," alisema.

Kabla ya siku hiyo wanawake wa kitongoji walikuwa na mgowe shambani kwa jirani. Mgowe ni kazi ya pamoja: leo kwako, kesho kwangu, na mwenye shamba anaandaa chakula na ulanzi, pombe ya mianzi. Huko majembe hulima, na midomo hulima zaidi. Matilda alimwalika Devota. Alimkabidhi jembe mbele ya wote.

"Dada, nilikukasirikia," alisema. "Bado nina hasira kidogo. Lakini lima hapa karibu yangu, ueleze tena yale ya hewa ukaa, na hawa wasikie."

Devota alilima vibaya, wakamcheka, lakini alieleza vizuri. Wanawake waliuliza maswali. Tukiacha kuchoma nyasi tutazifanyaje? Mtafukia ndani ya tuta, zitaoza, zitakuwa mbolea na kushika unyevu. Kijitoni tupande nini? Pandeni mivengi, ile miti ya asili ya mabondeni, na mianzi, inashika udongo na haina ulafi wa maji. Milingoti je? Iende mwinukoni. Kuni? Jengeni majiko banifu, yanayotumia kuni kidogo, ili tusimalize msitu. Na moto wa kiangazi unaokula mashamba ya miti kila mwaka? Huo ndio unaotoa moshi mwingi kuliko yote, kwa hiyo kila kitongoji kilime barabara ya kuzuia moto na kiwe na kamati yake.

"Kwa hiyo mpango ndio huu?" aliuliza mama mmoja. "Mbona tunaujua wote?"

"Ndio huu," alisema Devota. "Sasa usemeni wenyewe. Mimi sitawasemea."

Siku ya mkutano uwanja wa shule ulijaa. Hata wanaume ambao huonekana kilabuni tu walikuja. Sosthenes alisoma mpango wake kwa sauti nzuri. Alipofika kwenye milingoti ya bondeni, Matilda alisimama.

"Wanyalukolo," alisema, maana ndivyo tunavyoitana ndugu na ndugu huku kwetu, "mimi nakataa."

Watu walinong'ona.

"Nakataa milingoti bondeni. Sikatai miti. Wilaya inataka miti, nasi tuna mwinuko mkubwa umekaa bure. Ipandwe kule. Bondeni ipandwe mivengi na mianzi kando ya kijito, mita sitini kila upande. Vinyungu virudi nyuma ya hapo, na nyasi tusichome."

Sosthenes alisimama. "Mama Happy anasema vizuri. Lakini kinyungu chake mwenyewe kinanywa maji kijitoni. Mbona hajakiondoa?"

Watu waliguna. Swali lilikuwa la haki. Sehemu ile ya chini ndiyo tamu kuliko zote, udongo mweusi, maharage yanazaa mpaka yanalala.

"Kesho naondoka pale," alisema. "Nitabaki na kipande cha juu. Inaniuma, nasema kweli mbele yenu. Lakini nikiondoka napisha maji. Kupisha mlingoti sikubali, hata mje na mgambo wa wilaya nzima."

"Na sisi ambao tuna kipande cha chini tu?" aliuliza mzee mmoja kwa ukali. "Nyie wenye vipande vya juu mnaongea mkiwa mmeshiba."

Hapo pakawa na zogo. Mzee huyo alikuwa na haki pia, na nawaambia wasomaji wangu, mpango wowote wa mazingira usiojibu swali lake ni uonevu. Walibishana mpaka jua likageuka. Mwishoni wenye maeneo makubwa ya juu walikubali kuwamegea wenzao wa chini. Wengine walikubali kwa moyo, wengine kwa sababu wake zao walikuwa wanawatazama.

Sosthenes hakukata tamaa. Alimgeukia Devota. "Afisa, wewe ni mtumishi wa serikali kama mimi. Uko upande gani?"

Devota alisimama taratibu. Mkataba wake wa kazi ndio unaomlisha yeye na mama yake Iyunga. Alijua neno lake litafika wilayani kabla yake.

"Niko upande wa sheria," alisema. "Sheria inawapa wananchi hawa nafasi ya kupanga, nayo hairuhusu chanzo cha maji kiharibiwe. Mpango waliousema unapunguza moshi kuliko huu wa kwako, mtendaji. Nami nitaandika hivyo."

"Maneno tu," alisema mtu mmoja nyuma. "Nani ameona mlingoti ukikausha maji?"

Ndipo Edmund aliposimama. Watu walishangaa. Wengi hawakuwahi kumsikia akiongea hadharani, hata kwenye harusi yake kaka yake ndiye aliyemjibia.

"Mimi nimeona," alisema. "Chemchemi ya Lyasa ilikauka kwa sababu ya milingoti ya baba yangu. Mama zenu wanaikumbuka. Wake zenu wanatembea mbali kwa sababu yetu. Ile miti ilikuwa ya kumsomesha Happy. Naikata yote, na visiki naving'oa, maana mlingoti ukiacha kisiki unachipua. Atakayekuja kunisaidia aje. Asiyekuja, nitakata mwenyewe."

Alikaa. Matilda alimshika mkono mbele ya kijiji kizima.

Mzee Marcelino aliwataka watu wapige kura kwa kunyoosha mikono. Mpango wa milingoti bondeni ulipata mikono michache. Mpango wa wananchi ulipata mikono mingi mpaka mwenyekiti akaacha kuhesabu upande wa wanawake.

"Sasa kule wilayani nitasema nini?" aliuliza Sosthenes. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sema tumekataa," alisema Matilda. "Halafu uwasomee tulichokubali."

Alikwenda kusema, na haikuwa rahisi. Walimrudisha mara ya kwanza. Walidai idadi ya miti haitoshi. Safari ya pili alikwenda na Mzee Marcelino, Matilda na Devota. Walionyesha muhtasari wa mkutano wenye sahihi, na ramani ya mwinuko waliyoichora wenyewe. Miti waliyoahidi kupanda mwinukoni ilikuwa mingi kuliko ile ya bondeni. Siku hiyo Sosthenes ndiye aliyeongea zaidi, na aliongea kwa ukali ambao hatukuwahi kuuona kwake. "Wananchi wangu wamepanga," alisema. "Mkikataa, njooni mkawaambie wenyewe uwanjani." Hakuna aliyetaka kuja uwanjani. Mpango ukapita.

Edmund alikata milingoti. Kijiji kilikuja kwa mgowe, hata yule mzee aliyelalamika. Kung'oa visiki ilikuwa kazi ya kutoa machozi. Mbao walizopata Edmund aliziuza, zikamsogeza Happy darasani kwa muda, na baada ya hapo wakahangaika kama wazazi wengine. Siwezi kusema hawakupoteza kitu.

Mwaka wa kwanza shimo la Lyasa lilibaki kavu, na wapo waliocheka. Mwaka wa pili, baada ya masika, majani ya pale yalianza kulowana. Mwaka wa tatu wanawake walikwenda na makopo, kisha na ndoo. Mivengi ilishika kando ya kijito, na mianzi ikasimama. Moto wa Oktoba ulikuja kutoka kijiji cha pili, ukafika kwenye barabara tuliyolima, ukafia pale. Matilda hachomi tena nyasi. Kipande chake ni kidogo kuliko zamani, lakini tuta lililofukiwa nyasi linakaa na unyevu, na Januari iliyopita sufuria yake haikukosa maharage.

Mwaka huu walikuja wageni kutoka kata nyingine kujifunza. Walikuwa na viatu safi na kalamu. Mmoja wao, mtendaji kijana, alitembea kando ya kijito, akanawa uso kwa maji ya Lyasa, kisha akamfuata Matilda aliyekuwa anafukia nyasi.

"Mama, mmefanya jambo kubwa," alisema. "Wilaya walitaka mpango mwingine, ninyi mkafanya huu. Nani aliwapa ruhusa?"

Matilda alinyoosha mgongo, akaegemea mpini wa jembe.

"Ruhusa? Hatukuomba ruhusa, mwanangu. Tulikaa mkutano."

Yule kijana alisubiri aongezewe maneno. Matilda alikuwa ameshainama.